Helikopta Sita: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Hisa na Nidhamu ya Makomando

Toleo lililopita ukurasa huu ulieleza kazi ya kununua hisa kwa bei iliyo chini ya thamani ya kampuni yenyewe, kazi ambayo Benjamin Graham aliiwekea misingi huko Marekani miaka ya 1930. Tukaongeza sentensi iliyowachokoza wengi: kwamba mwenye nia ya kuifanya atajifunza zaidi kwa vikosi maalumu vya jeshi kuliko kwa wanaopiga kelele mitandaoni. Barua zimekuja, nyingine za kutusuta. Hizi nane tumezifupisha, na majina tumeyaacha nje.

Salaam wahariri. Mimi ni sajini mstaafu, nimelipwa kiinua mgongo na nataka kuweka sehemu yake kwenye hisa. Nimekaa jeshini miaka mingi na sioni uhusiano mnaousema. Jeshi ni amri, soko ni bahati. Nipeni mfano mmoja unaoshikika. (Tabora)

Shikamoo afande. Tukubaliane kwanza kwamba hapa hatutafuti ujasiri. Sokoni ujasiri umefilisi watu wengi tu. Tunachokitaka ni uamuzi wa kurudi nyuma uliofanywa kabla ya safari kuanza.

Mfano ni huu. Tarehe 24 Aprili 1980 Marekani ilituma Delta, kikosi maalumu cha jeshi lake, kuwaokoa watu wake zaidi ya 50 waliokuwa wameshikiliwa mateka Tehran, Iran. Helikopta zingeruka usiku kutoka Nimitz, manowari ya kubeba ndege, hadi jangwani, zikutane na ndege za C-130 zilizobeba makomando na mafuta, kisha zisogee karibu na mji. Kabla mtu hajapanda ndege, hesabu ilikuwa imefungwa: zinahitajika helikopta 6 nzima pale jangwani. Zikipungua, kazi inavunjwa. Zikatumwa 8. Moja ikatua njiani baada ya taa ya tahadhari kuonyesha kwamba huenda panga lake lina ufa. Nyingine ikageuza ndani ya wingu la vumbi, vyombo vyake vya kuongozea vikiwa vimeleta hitilafu. Ya tatu ilifika, lakini mfumo wake wa haidroli ulikuwa umekufa. Zikabaki 5. Kamanda wa Delta, Charlie Beckwith, akakataa kwenda na 5, na Rais Carter akaridhia. Wakati wa kuondoka, gizani na katika vumbi, helikopta moja ikaigonga C-130. Wakafa watu 8.

Kwa hiyo si hadithi ya ushindi. Tumeileta kwa ajili ya ile namba 6. Iliandikwa mezani, watu wamekula na kulala, hakuna injini inayounguruma. Kule jangwani kila hoja ya kuendelea na 5 ingesikika tamu: tumeshafika, tupunguze watu, mateka wanatungoja. Mwenye hisa naye hujisemea vivyo hivyo: nimeshanunua, nikiuza sasa nitaonekana mjinga, ngoja nione mwezi ujao. Hoja hizo huwezi kuzishinda siku hiyo hiyo kwa kubishana nazo. Unazishinda kwa karatasi uliyoiandika mapema.

Basi kabla hujampigia dalali, andika mambo manne: bei ya juu kabisa utakayolipa, sababu ya kununua, kwa sentensi mbili, masharti ya kutoka, na tarehe ya kuikagua karatasi hiyo. Masharti yawe na tarakimu. "Kampuni ikiharibika" si sharti. Sharti ni kama hili: "Nauza ikiwa mikopo ya benki itazidi mara 3 ya faida ya uendeshaji, au fedha taslimu itokanayo na biashara ikiwa hasi miaka 2 mfululizo, au mkaguzi akikataa kutoa hati safi." Ona kwamba kushuka kwa bei hakumo. Bei ikishuka huku masharti yote yamesimama, helikopta zako 6 bado zipo.

Kuhusu kiinua mgongo chenyewe: tenga kwanza matumizi ya miezi 12, yakae benki. Kinachobaki ambacho hutakigusa kwa miaka 5 ndicho cha hisa, nacho ukiingize kwa mafungu manne au sita ndani ya mwaka, usikimwage siku moja.

Nimesikia kwamba hisa ikiuzwa kwa mara 5 ya faida yake ni ya bure kabisa. Na hilo pengo la usalama, yaani tofauti kati ya bei na thamani, linapimwaje? Mbona nyie hamtaji kiwango? (Dar es Salaam)

Mara 5 ya faida ipi? Hapo ndipo watu wanapoumia.

Chukua kampuni ya kubuni ya saruji yenye hisa milioni 50, kila moja ikiuzwa TSh 900. Faida baada ya kodi kwa miaka mitano ilikuwa bilioni 5, 7, 3, 6 na 9. Ukitumia mwaka wa mwisho, faida kwa hisa ni TSh 180, na bei ni mara 5 yake. Rahisi! Sasa tumia wastani wa miaka mitano: bilioni 6, sawa na TSh 120 kwa hisa, na bei imekuwa mara 7.5. Endelea. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha unakuta uchakavu uliohesabiwa, gharama ya karatasi tu isiyotoa fedha, ni bilioni 2 kwa mwaka, lakini kampuni inatumia bilioni 3.5 kila mwaka kubadilisha mitambo ili tu kiwanda kisisimame. Anachoweza kuchukua mwenye mali bila kukiua kiwanda ni 6 ongeza 2 toa 3.5, yaani bilioni 4.5, au TSh 90 kwa hisa. Kama unadai pato la asilimia 15 kwa mwaka kwa sababu hati fungani za serikali, ambazo hazikukoseshi usingizi, zinakupa, tuseme, 12, basi gawanya 90 kwa 0.15. Thamani ni TSh 600. Hisa ya "bure" inauzwa kwa nusu zaidi ya thamani yake.

Pengo la usalama linakuja baada ya hapo. Sisi tunapunguza theluthi moja: 600 inakuwa 400, na hiyo 400 ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi. Ukuaji hatukuuhesabu kwa makusudi. Ukija, karibu, usipokuja hatukuulipia.

Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kukichezea kile kiwango cha 15. Umeikuta hisa kwa 700, unaipenda, unajiambia asilimia 12 inatosha, thamani inapanda kuwa 750, unanunua. Umeshusha helikopta mbili bila kumwambia mtu. La pili ni kudhani kwamba wingi wa vitu ni usalama. Wamarekani walikuwa na 8 kwa kazi ya 6, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali Holloway mwaka ule ule ikasema mpangaji asiyebanwa angetaka angalau 10. Lakini tazama na vumbi: wingu lile halikuchagua helikopta, liliziingia zote zilizokuwa bado njiani. Mtu mwenye hisa za benki mbili, kiwanda cha saruji na kampuni ya ujenzi atakuambia ametawanya mtaji. Kama wote hao wanasubiri malipo ya miradi ile ile ya serikali, ana hisa moja yenye majina manne. Kwa soko dogo kama letu kampuni 7 au 8 zinatosha, hakuna inayozidi asilimia 15 ya mtaji, na ujiulize kwa kila mbili: ni jambo gani moja linaloweza kuziangusha siku moja?

Mimi ni mwalimu, hesabu za kampuni nazisoma lakini kurasa 180 zinanichosha. Mnaanzia wapi? (Mombasa)

Mwalimu, anza nyuma. Ripoti ya mwaka imepangwa ili uanze na picha za wakurugenzi na barua ya mwenyekiti. Hizo ziache mwisho kabisa, au usizisome.

Kwanza maoni ya mkaguzi: hati ni safi au ina kasoro, na mambo gani ameyataja kuwa yalimpa kazi kubwa. Kisha mtiririko wa fedha, miaka mitano, uweke sambamba na faida. Jumlisha fedha iliyoingia kutokana na biashara kwa miaka yote mitano, jumlisha na faida ya miaka hiyo. Kama fedha ni ndogo sana kuliko faida, faida hiyo iko kwenye karatasi tu. Tatu, maelezo ya mwisho wa hesabu: mikopo inaiva lini, kesi zilizoko mahakamani, na biashara kati ya kampuni na wakurugenzi au ndugu zao. Nne, idadi ya hisa sasa na miaka mitano nyuma. Keki inaweza kuwa imekua lakini vipande vimeongezeka. Ndipo uende kwenye mizania, ukurasa wa mali na madeni. Kipimo cha Graham kwa mnunuzi mwenye tahadhari ni mali za muda mfupi ziwe mara 2 ya madeni ya muda mfupi. Kwa benki kipimo hicho hakitumiki. Huko angalia mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, na mtaji. Kazi yote ni saa nne au tano kwa kampuni moja, ukiwa na kikokotoo na daftari.

Baada ya karatasi ni doria. Waisraeli walipowaendea mateka wao Entebbe usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, hawakutegemea chanzo kimoja. Jengo la zamani la uwanja ule wa ndege lilikuwa limejengwa na kampuni ya Israeli, ramani zikapatikana. Mateka walioachiwa mapema wakahojiwa Paris: walinzi wangapi, wanakaa wapi, milango inafunguka upande gani. Vyanzo viwili visivyojuana. Wewe una ripoti ya kampuni. Tafuta kisichotoka kwa kampuni. Kwa saruji, muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mfuko upi unatoka haraka na nani anamkopesha kwa siku ngapi. Kwa bia, hesabu kreti zinazorudi. Kwa simu, muulize wakala wa miamala. Maduka matatu katika mitaa mitatu, si duka moja la rafiki yako.

Na angalia tarehe ya taarifa zako. Kule Entebbe walikwenda na Mercedes nyeusi ili walinzi wadhani ni Idi Amin. Inasimuliwa kwamba Amin alikuwa ameshahamia kwenye nyeupe, na walinzi wakashtuka. Ripoti ya Desemba ukiisoma Oktoba ni Mercedes nyeusi. Tafuta hesabu za nusu mwaka kabla ya kununua.

Kampuni niliyonunua imetoa hesabu, naona wadaiwa wameongezeka. Niuze mara moja? (Morogoro)

Hesabu kwanza siku ambazo wateja huchukua kulipa. Wadaiwa gawanya kwa mauzo, zidisha kwa 365. Kama mwaka jana walikuwa bilioni 12 kwa mauzo ya bilioni 60, hizo ni siku 73. Mwaka huu ni bilioni 20 kwa mauzo ya 66, siku 111 hivi. Mauzo yameongezeka asilimia 10, wadaiwa asilimia 67. Hiyo ni taa imewaka.

Lakini taa ni taa. Ile helikopta ya kwanza iliyotua jangwani ilitua kwa sababu ya taa ya ufa wa panga, na kwa aina ile ya mashine taa hiyo haikuwa na maana ya ufa kila mara. Ile iliyogeuza ndani ya vumbi haikujua kwamba mbele, mahali pa kukutania, anga ilikuwa safi, kwa sababu redio zilikuwa zimenyamazishwa. Waliamua kwa taarifa pungufu, nao hawakuwa na namna ya kuuliza. Wewe unayo. Nenda kwenye maelezo ya wadaiwa: nani anadaiwa, na deni lina siku ngapi. Kama bilioni 7 ni za mteja mmoja wa serikali anayelipa polepole lakini hulipa, ni habari moja. Kama zimetawanyika kwa mawakala ambao kampuni imewasukumia mzigo mwezi wa Desemba ili mauzo yapendeze, ni habari nyingine, na utaiona bidhaa hiyo hiyo ikirudi robo inayofuata. Kama hakuna maelezo yoyote, andika barua kwa katibu wa kampuni, na uulize tena kwenye mkutano mkuu. Ni haki yako hata kama una hisa 100. Sharti lako la kutoka likiwa limeshavunjwa, usisubiri jibu.

Habari zenu. Kijana wangu yuko jeshini na anasema kule makomando wanafundishwa kutokata tamaa. Mimi nina hisa nilizonunua miaka sita iliyopita, zimeshuka nusu. Nyinyi mnasema kuuza, yeye ananiambia nivumilie. Nimsikilize nani? (Nakuru)

Mama, kijana anasema kweli kuhusu mafunzo. Huko Coronado, California, wanaotaka kuwa makomando wa jeshi la majini la Marekani hupitishwa katika juma moja la siku tano na nusu huku wakilala jumla ya saa nne hivi, na anayeshindwa hugonga kengele ya shaba mara tatu na kuondoka. Mwalimu anataka kujua nani hatagonga. Uvumilivu ndio unaopimwa pale, na ndio unaozawadiwa.

Hisa haijui kwamba unayo. Haikupimi wala haitakupa beji.

Tazama Safaricom, ambayo wasomaji wengi wa Kenya wanaijua mfukoni. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma kwa KSh 5. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 ikapita 40, na kufikia mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Aliyevumilia kutoka 3 alilipwa vizuri. Aliyenunua kwa 40 na kuvumilia vilevile aliumia. Uvumilivu ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni bei waliyoingilia: kwa KSh 3 ulikuwa unalipa mara 11 hivi ya faida ya kampuni ya mwaka ule, kwa 40 ulikuwa unalipa zaidi ya mara 23.

Kwa hiyo sahau bei uliyonunulia. Jiulize: hizi hisa zikigeuka pesa taslimu leo asubuhi, je, mchana ningezinunua tena kwa bei ya leo? Fanya hesabu tuliyompa msomaji wa Dar es Salaam. Jibu likiwa ndiyo, kijana ameshinda. Likiwa hapana, gonga kengele. Kugonga kunagharimu kama asilimia 2 ya ada na tozo za mauzo, basi.

Nikope benki ninunue hisa wakati bei iko chini? Riba naimudu. (Mwanza)

Hapana, ndugu yetu. Mkopo una tarehe kila mwezi na hisa haina tarehe. Wakati wa toleo lile la Safaricom la 2008 wengi walikopa ili waombe nyingi. Maombi yakazidi, wakagawiwa sehemu ndogo ya walichoomba, riba ikaanza kutembea, na bei ikashuka chini ya waliyonunulia. Kampuni ilikuwa nzuri. Walioumia waliumizwa na kalenda.

Nafanya kazi Muscat, nina akaunti ya hisa nyumbani. Kuna kampuni ndogo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hesabu zangu inauzwa nusu ya thamani. Nimejaribu kununua, siku nyingine haiuzwi hata hisa moja. Niendelee? (Oman)

Umeuliza swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshaingia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ngama yenyewe iko wapi? Kwenye mpango wa Entebbe kikwazo kimojawapo kikubwa kilikuwa mafuta: ndege zilizoruka karibu kilomita 4,000 zikija hazikuwa na ya kurudia. Makomando wangeweza kushinda pale chini kwa dakika chache na bado wakakwama. Mwishowe zilijaza Nairobi.

Piga hesabu yako ya mafuta hivi. Mwombe dalali idadi ya hisa zilizouzwa kila siku kwa miezi 6, toa siku moja au mbili za mauzo makubwa ya mkupuo, kisha tafuta wastani. Tuseme ni hisa 2,000 kwa siku. Ukitaka kuuza bila kuibomoa bei, usizidi robo ya hizo, yaani 500. Kama unataka kumiliki hisa 40,000, itakuchukua siku 80 za soko kutoka. Miezi minne! Masharti yako ya kutoka yakivunjwa mwezi Machi, utakuwa bado unauza Julai, na wenzako wote wanauza nawe.

Hiyo haimaanishi uache. Inamaanisha mambo matatu. Punguza kiasi hadi kile unachoweza kukitoa ndani ya siku 20, kwa mfano huu hisa 10,000. Dai pengo kubwa zaidi, nusu badala ya theluthi, na unasema umeshalipata. Na uweke oda yenye kikomo cha bei kila mara. Usimwambie dalali "ninunulie tu", kwa sababu kwenye hisa isiyo na wauzaji oda ya namna hiyo utainunua kwa bei ya mtu mmoja mwenye tamaa. Kununua kukichukua wiki sita, sawa. Sokoni hakuna anayekufyatulia risasi kwa kukaa kambini, na hilo ndilo jambo moja ambalo mwanajeshi hana na wewe unalo.

Jambo dogo la kodi: ukinunua na za Nairobi, gawio la asiye mkazi wa Kenya huweza kukatwa kodi kubwa kuliko la mkazi. Litie kwenye hesabu kabla ya kulinganisha.

Sisi ni kikundi cha watu tisa, tunachanga na kununua hisa pamoja. Mwaka jana moja ilituumiza na sasa kila mtu anasema "mimi nilisema". Mnatushauri nini kabla hatujavunjika? (Arusha)

Fanyeni kikao cha tathmini, na mkifanye kama jeshi linavyokifanya, si kama baraza la usuluhishi la familia.

Jeshi la Marekani lilikijenga kikao hiki kwenye uwanja wake wa mazoezi wa Fort Irwin, katika jangwa la California, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980. Maswali ni manne: tulipanga nini, nini kilitokea, kwa nini tofauti, na mara ijayo tutafanya nini. Vyeo vinavuliwa mlangoni. Kwenu, mwanachama mpya aanze kusema na mwenyekiti awe wa mwisho, la sivyo wote watarudia ya mwenyekiti. Kama kikao ni cha saa moja, dakika 10 ziende kwenye swali la kwanza, 10 la pili, 15 la tatu, na zilizobaki zote la nne. Vikundi vingi hufa kwenye la tatu, huko ndiko "mimi nilisema" inakoishi.

Dawa ya "mimi nilisema" ni karatasi ya siku ya kununua, ile ya masharti, iliyosainiwa na wote tisa. Isipokuwepo kila mtu atakumbuka alikuwa na shaka. Na mmoja apewe zamu ya kupinga kila ununuzi kwa maandishi, ukurasa mmoja, hata kama moyoni anaupenda. Hapo anayepinga hatafutiwi ubaya.

Msisubiri hasara. Faida nayo iiteni mezani, kwa sababu kuna faida iliyopatikana kwa sababu tofauti kabisa na mliyoandika, na hiyo ndiyo itakayowapeleka pabaya mwakani. Wala msidhani kushindwa vibaya ni mwisho. Kikosi maalumu cha SAS cha Uingereza, katika uvamizi wake wa kwanza Novemba 1941 kule Libya, kiliruka kwa miavuli ndani ya dhoruba ambayo kilikuwa kimeonywa. Waliondoka zaidi ya 50, wakarudi ishirini na kitu. Mwezi uliofuata David Stirling, mwanzilishi wake, aliwapeleka watu wake kwa magari ya kikosi kingine kilicholijua jangwa, na wakateketeza ndege nyingi zikiwa chini. Shabaha ilikuwa ileile, usafiri ndio uliobadilishwa.

Matokeo ya kikao yawe mafupi. Haya ni ya mfano:

Tulipanga: kununua kwa 420, kutoka wadaiwa wakizidi siku 90.
Kilichotokea: wadaiwa walifika siku 118 kwenye hesabu za Juni, tuliuza Oktoba kwa 310.
Kwa nini: sharti lilikuwepo, mtu wa kulihesabu hakuwepo.
Tutafanya: katibu ahesabu siku za wadaiwa ndani ya siku 7 baada ya hesabu za nusu mwaka kutangazwa, na awatumie wote tisa kwa simu. Sharti likivunjwa, oda ya kuuza iende kwa dalali siku hiyo hiyo. Kikao kitafuata baadaye.

Mstari wa mwisho ndio wa kupigania. Wapo watakaosema hisa isiuzwe bila kikao. Waulizeni kikao kingeitishwa lini, kati ya Juni na Oktoba.